Tovuti inaingiza shilingi ngapi?

Wadau, kila nikikaa na washkaji wenye tovuti huwa nawauliza: matangazo yanaingiza shilingi ngapi? Jibu nalijua kabla hawajalitoa: "Tunapata watu wengi sana." Nimeuliza pesa, najibiwa watu! Basi leo turudi nyuma kidogo, maana mkanganyiko huu una historia.

Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired ya Marekani ilianza kuonyesha mabango ya matangazo, likiwemo la kampuni ya simu ya AT&T. Malipo yalikuwa ya kigazeti: unakodi nafasi kwa wiki 12 hivi, unalipa kama dola 30,000, basi. Lakini kulikuwa na jipya. Mwenye gazeti anajua nakala alizouza, hajui nani alilitazama tangazo la ukurasa wa 7. Kwenye tovuti, mtu akibonyeza bango, kompyuta inaandika.

Matangazo mengi yakaja kuuzwa kwa bei ya kila mara 1,000 yanapoonyeshwa. Mwaka 1996 Procter & Gamble, wale wa sabuni, wakawabana Yahoo: tutalipia wanaobonyeza tu. Mwaka 1998 GoTo.com ikaanza kunadi maneno ya kutafutia kwa bei ya mbonyezo, na Google nayo ikaingia kwenye mnada wa namna hiyo mwaka 2002.

Sasa chukua kalamu. Tuseme tangazo kwenye tovuti yako limeonyeshwa mara 1,000,000 kwa mwezi. Ukilipwa dola 2 kwa kila 1,000, unapata dola 2,000. Ukilipwa senti 10 kwa mbonyezo, na mtu mmoja tu kati ya 1,000 ndiye anayebonyeza, unapata dola 100. Wasomaji ni wale wale na kazi ni ile ile! Watu wasipobonyeza, hasara imeshatoka kwa mwenye sabuni, imemwangukia mwenye tovuti.

Na hata hesabu za wakubwa zimewahi kupikwa. Mwaka 2005 Time Warner, mmiliki wa AOL wakati huo, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 300 bila kukiri wala kukana kosa. Tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani ilisema AOL iliongeza mapato yake ya matangazo kwa kuwapa wateja fedha, nao wakazirudisha kununua matangazo. Pesa imetoka mfuko wa kushoto, imeingia wa kulia, ikaitwa mapato.

Kuonyeshwa nako kuna utata. Ilipofika 2014 wapimaji wa Marekani waliweka kiwango: bango la kawaida lihesabiwe limeonekana ikiwa angalau nusu yake imekaa kwenye kioo kwa sekunde 1 mfululizo. Sekunde moja, jamani!

Kinachoniuma mimi mwandishi ni kwamba vipimo vyote hivi haviulizi kama habari ni ya kweli. Habari niliyoihangaikia wiki tatu na umbea wa dakika tano vinahesabiwa sawa, na umbea mara nyingi unashinda.

Kwa hiyo mtu akijisifia wageni wa tovuti yake, muulize: tangazo limeonyeshwa mara ngapi, limebonyezwa mara ngapi, kwa bei gani, na benki imefika kiasi gani? Hilo la mwisho ndilo mapato.

Naomba kuwasilisha.