Eskatolojia: Elimu ya Mwisho au Elimu ya Tumaini?

Eskatolojia ni tawi la teolojia linalochunguza yale ambayo Wakristo wanaamini Mungu atayatimiza mwishoni: kurudi kwa Kristo, ufufuo wa wafu, hukumu, na kufanywa upya kwa uumbaji wote. Neno limetokana na Kigiriki: eskatos, yaani “-a mwisho”, na logos, yaani neno au elimu. Wanateolojia wa Kilutheri wa Ujerumani walianza kulitumia katika karne ya 17.

Kwa Kiswahili tuna istilahi mbili: eskatolojia yenyewe, na “elimu ya mambo ya mwisho”. Katika mafundisho ya jadi mambo hayo ni manne, yaani kifo, hukumu, mbinguni na motoni. Tafsiri hii ni sahihi na haimsumbui msomaji. Upungufu wake ni kwamba inayasukuma mambo yote mbele, kana kwamba hayana kazi leo. Anayesikiliza mhubiri wa sokoni akitaja “siku za mwisho” huwaza vita, matetemeko na yule mnyama wa Ufunuo. Ni nadra amfikirie mjane aliyenyang’anywa shamba. Lakini nabii Amosi alipoitangaza siku ya Bwana, alikuwa akiwakemea wafanyabiashara wenye mizani ya udanganyifu na matajiri waliomnunua maskini kwa jozi ya viatu. Tangu zamani, habari ya mwisho ilikuwa habari ya dhuluma na haki.

Katika karne ya 20, mwanateolojia Mjerumani Jürgen Moltmann ni miongoni mwa waliolirudisha jambo hilo mahali pake. Alizaliwa Hamburg mwaka 1926. Julai 1943, ndege za Waingereza na Wamarekani zilipoliteketeza jiji hilo, alikuwa kijana wa miaka 17 kwenye kikosi cha kutungulia ndege. Bomu lilimuua rafiki yake aliyesimama kando yake, yeye akabaki hai, akaanza kuuliza Mungu yuko wapi. Alichukuliwa mateka mwaka 1945, na katika kambi za Uskoti na Uingereza akasoma Biblia aliyopewa na kasisi. Zaburi za maombolezo zilimsemea moyo wake, na kilio cha Yesu msalabani kikamwonyesha Mungu aliyeingia mwenyewe katika mateso. Mwaka 1964 alichapisha kitabu chake kuhusu teolojia ya tumaini. Hoja yake ni kwamba eskatolojia haifai kuwa sura ya kufungia kitabu, kwa sababu imani yote ya Kikristo inaelekea mbele. Mungu aliyemfufua aliyesulubiwa ameipinga mauti na kila anayeitumikia. Kwa hiyo mwenye tumaini hawezi kuuzoea uovu.

Wapo wanaojibu kwamba tumaini la mbinguni ni kasumba ya kuwatuliza wanyonge. Ni shutuma nzito, na mahali pengine imestahili. Lakini tutazame Uganda. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na ukatili wa vyombo vya dola. Tarehe 16 mwezi huo Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wa Luwum ulipelekwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Huko Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885. Mwili haukuletwa. Waumini walikusanyika hata hivyo, askari wakiwa wametapakaa jijini, na mbele ya kaburi tupu wakakumbushana habari ya kaburi la Yesu, wakaimba. Watu waliotulizwa kwa kasumba wangebaki majumbani.

Hapa ndipo neno hukumu linapoonyesha uso wake wa pili. Kwa mdhulumu ni tisho. Kwa aliyedhulumiwa ni habari njema, kwani linamhakikishia kwamba mauaji yaliyoitwa ajali hayataitwa ajali milele. Tumaini hili ni tofauti na matarajio. Tunatarajia kwa kutazama dalili, na dalili za Uganda ya mwaka 1977 zilikuwa mbaya. Tunatumaini kwa sababu yupo tunayemtumainia, hata dalili zikikosekana. Paulo, katika barua yake kwa Warumi, anasema tumaini linazaliwa na dhiki iliyopita katika saburi.

Basi pendekezo langu ni hili. Darasani tubaki na eskatolojia, maana wanafunzi watakutana nayo vitabuni. Mimbarani na katika vitabu vya Kiswahili tuifafanue kuwa “elimu ya tumaini la mwisho”. Na yeyote atakayeifundisha asitosheke kueleza kitakachotokea siku ile. Awaulize wanafunzi wake ni dhuluma gani iliyo mbele ya macho yao leo, na Kanisa linaloamini ufufuo linadaiwa kusema nini juu yake.