Aliyesema Baridi

Shuleni tulikariri: Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro ni Johannes Rebmann, Mei 11, 1848. Nikapata vema, nikasahau.

Juzi nimesoma simulizi ya safari yake, nikakwama kwa mtu aliyekuwa naye njiani, kiongozi wake. Mmisionari yule Mjerumani aliona weupe kileleni, akadhani ni wingu, akamuuliza. Kiongozi akajibu kuwa wingu ni lile pale. Huo weupe haujui, ila anadhani ni baridi.

Baridi! Hakuwa na haja ya kupanda mita 5,895 kulijua hilo.

Kule London, mwanajiografia William Cooley, ambaye Afrika aliijua kwa vitabu tu, alikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda hadi zaidi ya mita 4,000, theluji ikamwangukia. Cooley akamkejeli naye.

Siku niliyouona mlima huo kwa mara ya kwanza, alfajiri, kwenye kituo cha mabasi Moshi, nilikuwa nimevaa fulana nyepesi. Neno lililonitoka lilikuwa lilelile.