Meza ya Jumatano: Maandalizi ya Walimu wa Vikundi vya Biblia Katika Mitaa ya Korogwe na Handeni

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu, ni haki kabisa kwamba kurasa nyingi za kitabu hiki zimepewa majengo, kwaya, wachungaji waliotangulia na idadi ya waliobatizwa. Mambo hayo yanaonekana, yana picha, na mengine yana hata risiti. Kamati ya Jubilei iliniomba niandike juu ya vikundi vya kujifunza Biblia. Nimeona vema niandike juu ya saa zinazokitangulia kikundi, yaani wakati ambapo mwalimu yuko peke yake na Kitabu, au yuko na walimu wenzake wachache, akitafuta la kuwaambia watu. Saa hizo hazikupigwa picha wala hazimo katika kumbukumbu za Baraza la Wazee. Hata hivyo naamini kwamba sehemu kubwa ya uhai wa usharika huu ilitoka huko, na kwamba pale tulipokosea, tulianza kukosea huko huko.

Ujumbe wa Kilutheri uliingia milima ya Usambara mwaka 1891, wamishenari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walipoanza kituo cha Mlalo, ambacho wao walikiita Hohenfriedeberg. Chama kilichowatuma kilianzishwa Berlin mwaka 1886, na mwaka 1906 makao yake yalihamia Bethel, karibu na Bielefeld. Ndiyo maana wazee wetu waliiita Misheni ya Betheli. Vuga ilifuata mwaka 1895, Lutindi 1896, Bumbuli 1899. Lutindi imo katika Wilaya ya Korogwe ya leo. Ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, huduma inayoendelea hata sasa. Huku tambarare, kuanzia Magila hadi Korogwe na kwenda Handeni, ndugu zetu Waanglikana wa UMCA walikuwa wametutangulia, na si aibu kulisema hilo katika kitabu cha Walutheri.

Hakuna mmishenari aliyeweza kufika kila kijiji kila juma. Kazi ilibebwa na walimu, na siku zile neno hilo lilimaanisha mtu mmoja aliyefundisha kusoma asubuhi, katekisimu mchana na Neno jioni. Kwa masimulizi ya wazee wa usharika huu, walimu walipanda kituoni kwa miguu, wengine wakilala njiani, ili waelezwe fungu la Jumapili iliyokuwa mbele yao. Walishuka nalo kichwani, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu. Mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa miongoni mwao alinisimulia kwamba babu huyo alikuwa akilieleza fungu kwa sauti njia nzima, akiihubiria miti na mawe, ili lisimpotee kabla hajavuka mto Pangani. Watu waliomkuta porini walidhani amerukwa na akili.

Mwaka 1916 vita vilishuka katika bonde letu. Mwezi Juni majeshi ya Waingereza yalipita Korogwe na kuiteka Handeni. Kufikia mwaka 1920 wamishenari Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini, nao hawakuanza kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho hapakuwa na mtu wa kupandiwa mlimani ili aeleze fungu. Walimu walikutana wao kwa wao, mara katika nyumba ya huyu, mara ya yule, na aliyekuwa na kitabu alikisoma kwa ajili ya wote. Mimi nilifundishwa, na kwa muda mrefu niliamini, kwamba desturi yetu ya kujiandaa pamoja ililetwa na wageni. Baada ya kuwasikiliza wazee kwa miaka mingi nimebadili mawazo. Wageni walileta desturi ya kuelezwa. Ile ya kuulizana ilizaliwa walipoondoka. Vita vya pili vilipowaondoa tena Wajerumani mwaka 1940, hakuna aliyeshangaa sana, kwa sababu meza ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Jambo la lugha linahitaji maelezo zaidi, maana ndilo lililowatesa walimu wetu kuliko yote. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kandokando yake yakaenea mashamba ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893. Mkonge ulileta manamba kutoka pande nyingi za nchi, na wengine kutoka nje ya mipaka. Mwalimu aliyekwenda kuongoza kikundi katika kambi ya shamba la mkonge hakuweza kutumia Kisambaa. Aliyevuka kwenda Handeni alikuta Kizigua. Na nyumbani kwake milimani mama mzee hakukielewa Kiswahili sawasawa. Basi maandalizi yalikuwa mara mbili: kwanza kuelewa fungu, kisha kulihamisha.

Nacho Kiswahili chenyewe hakikuwa kimoja. Kulikuwa na Biblia ya Unguja, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake wa UMCA, ambayo ilikamilika mwaka 1891. Kisha Karl Roehl, aliyewahi kuwa mmishenari Usambara na kuandika sarufi ya Kisambaa mwaka 1911, akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Roehl alipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka yenye asili ya Kibantu, akitumaini kwamba mtu wa bara ataelewa upesi zaidi. Tafsiri ya Muungano ilifuata, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, na Habari Njema tuliipata nzima katikati ya miaka ya 1990. Katika kikundi kimoja cha watu kumi na wawili nimewahi kukuta Biblia za aina tatu, na mwenye Biblia ya Roehl, iliyofungwa kwa kitambaa cha kanga, hakukubali kamwe kwamba yake ndiyo iliyopitwa. Mwalimu ambaye hakusoma zote tatu kabla ya kuja alitumia nusu ya kipindi akiamua ugomvi wa maneno.

Sasa niseme habari yangu mwenyewe, ingawa si ya sifa.

Nilisoma Makumira, chuo kilichoanzia Lwandai, Mlalo, mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954. Nilifundishwa vema. Nilijua kutafuta asili ya neno katika Kiyunani na kulinganisha Injili na Injili. Mwaka 1997, miaka mitano baada ya kubarikiwa, nilikuwa nahudumia mitaa iliyo upande wa Handeni. Wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka mwaka ule. Mvua za vuli za 1996 zilikuwa zimekosekana, mahindi yalikuwa yamekauka mashambani, na nyumba nyingi zilikuwa zikila mlo mmoja. Kikundi kilikuwa kikiisoma Injili ya Luka sura kwa sura, na Alhamisi moja tukafika sura ya 13, penye habari za watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu na mfano wa mtini usiozaa. Mwongozaji wa kikundi alikuwa mwinjilisti, mtu mzima wa kunizaa, lakini siku ile nilimwomba anipishe nifundishe mimi. Nilikuwa nimejiandaa siku mbili. Daftari langu lilikuwa na kurasa saba juu ya neno toba.

Nilipofika katikati, mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliuliza kama njaa hii ni adhabu, na kama waliokwisha kufa wamelipwa kwa dhambi zao. Jibu lilikuwa mbele yangu katika fungu lenyewe, maana Bwana Yesu alikataa hesabu hiyo waziwazi. Lakini mimi nilikuwa nimeandaa toba, nikajibu toba. Nilisema kila msiba ni mwito wa kujichunguza. Nikaendelea na ukurasa wa tano.

Sikujua kwamba mama yule alikuwa amemzika mtoto wake wiki tatu kabla. Watu wote mle ndani walijua. Hakurudi Alhamisi iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Mvua kubwa za El Niño zilikuja mwishoni mwa mwaka, barabara zikakatika, na kwa miaka minne sikumwona kanisani.

Mwinjilisti hakunisuta mbele ya watu. Juma lile lilipokwisha alikuja nyumbani akiwa na daftari lake, akasema, “Mchungaji, naomba ulisome hili.” Nilitazamia kukuta maelezo ya mafungu. Yalikuwapo machache. Upande wa kushoto wa kila ukurasa alikuwa ameandika fungu. Upande wa kulia, majina ya watu wa kikundi. Mbele ya kila jina alikuwa ameandika habari fupi: huyu amefiwa, huyu amegombana na ndugu yake juu ya shamba, huyu mumewe Mwislamu amemruhusu kuja lakini si usiku, huyu hajui kusoma asiitwe kusoma. Kwenye ukurasa wa Luka 13 jina la mama yule lilikuwapo, na mbele yake neno moja: mwanawe. Angefundisha yeye, asingekosea.

Nilimuuliza alivyozoea kujiandaa. Alisema fungu hulisoma Jumapili usiku, nyumba ikiwa imelala, bila kuandika lolote. Jumatatu na Jumanne hupita katika nyumba za watu akiwa na fungu moyoni, wala halitaji. Husalimia, huuliza habari za wagonjwa, hunyamaza. Aliona kwamba fungu hubadilika kadiri anavyotembea. Si kwamba maana yake hubadilika, bali lile linalopaswa kutangulia. Jumatano huandika swali moja, si maswali kumi, kwa sababu watu waliotoka shambani hawana nguvu ya maswali kumi. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vya Kijerumani na Kiingereza juu ya ufundishaji, na sikumbuki kama kuna kilichonifundisha zaidi ya mazungumzo yale ya jioni moja.

Hapo ndipo ilipoanza Meza ya Jumatano kama tunavyoijua leo. Sidai kwamba niliianzisha. Niliirudisha tu, kwa maana walimu wa wakati wa vita walikuwa nayo. Waongozaji wa vikundi hukutana alasiri, zamani katika nyumba ya mwinjilisti na sasa katika chumba cha nyuma cha kanisa. Husoma fungu katika kila tafsiri iliyopo. Kila mmoja husema neno ambalo watu wake hawatalielewa, nasi tunatafuta Kizigua chake au Kisambaa chake. Kisha huja sehemu ngumu, ambayo wageni wetu wa Dayosisi wameniuliza mara nyingi kama ni salama: kila mwongozaji hueleza ni nani katika kikundi chake fungu hili litamchoma. Hutaja hali, wala hataji siri. Tuliwahi kukosea hata katika hilo, jambo la nyumba ya mtu likatoka mezani likafika kisimani, na tulilazimika kusimama mbele ya mwenyewe na kumwomba radhi. Tangu hapo majina hayatajwi mezani. Hubaki katika daftari la mwongozaji.

Hesabu ya wanaokuja imepanda na kushuka. Mashamba ya mkonge yalipodhoofika, vikundi vya kambini vilitawanyika. Lami ilipofika Handeni, vijana walipata njia ya kuondoka, na wengine njia ya kurudi kwa Krismasi. Siku hizi simu imeleta jaribu jipya. Mwongozaji anaweza kupata mahubiri yaliyokwisha kupikwa, ya mtu wa mbali mwenye sauti nzuri, akayasoma kama yalivyo saa moja kabla ya kikundi. Mengine ni mazuri kuliko yangu. Lakini yule mhubiri hakupita Jumatatu katika nyumba za watu wetu, na mara nyingi naona kikundi kikisikiliza kwa adabu, kikasali, kikaondoka kama kilivyokuja. Simkatazi mtu simu. Nawaomba tu waifungue baada ya kutembea, si kabla.

Mwinjilisti yule alilala katika Bwana akiwa amestaafu. Watoto wake walitukabidhi madaftari yake, na Baraza la Wazee liliamua yafungwe, yasiwekwe katika maonyesho ya Jubilei, kwa kuwa baadhi ya watu walioandikwa humo wangali hai. Naunga mkono uamuzi huo, ingawa mwanahistoria ndani yangu aliulilia.

Mama wa karibu na mlango alirudi mwaka 2001. Nilikuwa nimekwenda kwake mara kadhaa kabla ya hapo, na mara ya kwanza hakunikaribisha kiti. Nilimwambia kwamba nilijibu vibaya, na kwamba fungu lenyewe lilikuwa upande wake. Alinisikiliza, akasema hilo alilijua, kwa sababu alikuwa amelisoma mwenyewe baadaye. Leo yeye ni mmoja wa waongozaji wa vikundi upande wa Handeni na hakosi Jumatano. Vikundi vinaisoma tena Injili ya Luka mwaka huu, na kwa zamu zilivyopangwa, sura ya 13 imemwangukia yeye. Nilimuuliza kama angependa nimsaidie kuiandaa. Alisema hapana, amekwisha kuanza kutembea.