Otitisi ya Nje: Kuvimba kwa Mfereji wa Sikio la Mbwa

Istilahi otitisi, iliyotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sikio pamoja na kiambishi kinachotaja kuvimba, ikifasiriwa kuwa "uvimbe wa sikio" hupotosha kidogo, kwa kuwa uvimbe kwa msomaji wa kawaida ni kinundu, ilhali otitisi ya nje ni hali ya ngozi ya mfereji wa sikio kuwa nyekundu, kupata joto, kuuma na kutoa uchafu. Afadhali kusema "kuvimba kwa mfereji wa sikio", na neno uvimbe libakie kwa damu inayojikusanya kati ya ngozi na gegedu la sikio mbwa anapojikuna na kutikisa kichwa kupita kiasi.

Mfereji huo hushuka wima, kisha hupinda kuelekea kiwambo cha sikio, hivyo nta na unyevu hunaswa penye kona.

Katika kata ya Kasulo, wilayani Ngara, mbwa anayeandamana na ng'ombe malishoni hushukiwa kwanza kuwa na kupe, na shaka hiyo ina msingi, kwani hata kupe wa kahawia anayependa masikio ya ng'ombe na kuwaambukiza ndigana kali huweza kumng'ang'ania mbwa. Hata hivyo, kumng'oa kupe hakumalizi uchunguzi: utitiri uitwao Otodectes cynotis huacha uchafu mkavu mweusi kama kahawa iliyosagwa, kuvu wa jamii ya Malassezia huleta nta ya kahawia yenye harufu ya uchachu, na usaha wa manjano huashiria bakteria, ingawa ni hadubini inayothibitisha. Kila kisababishi kina dawa yake, na utitiri, kwa kuwa huambukiza, hudai mbwa na paka wote wa nyumba watibiwe pamoja.

Mwenye mbwa asichokoe mfereji kwa kijiti wala kumimina mafuta, siki au dawa iliyobaki, kwa sababu kiwambo kikiwa kimetoboka baadhi ya dawa, gentamisini ikiwamo, zinaweza kuharibu sikio la ndani. Kuinamisha kichwa upande mmoja na kuyumba ni dalili za hatari hiyo. Daktari wa mifugo akague kwanza. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate au kung'ata bila kuchokozwa, asishikwe kabisa, bali ofisa mifugo aarifiwe mara moja, maana huenda ana kichaa cha mbwa.