Gitaa la Mtumba na Ulimi Mtupu: Granji ya Seattle na Sauti ya Nyanda za Juu Kusini

Wahenga walisema kila zama na kitabu chake. Kwa vijana wengi wa Marekani na Ulaya, kitabu cha mwanzo wa miaka ya 1990 kilikuwa muziki uliotoka Seattle, mji wa bandari ulioko kaskazini-magharibi mwa Marekani, penye mvua nyingi na misitu minene. Muziki huo uliitwa granji, neno la mitaani la Kiingereza lenye maana ya uchafu ulioganda. Jina lenyewe lilikuwa tangazo. Magitaa yalikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya saruji, sauti za waimbaji zilikauka na kupasuka, na maneno yao yalihusu upweke, aibu, hasira na nyumba zilizovunjika. Ni ajabu kwamba muziki wa namna hiyo ulipendwa na mamilioni ya watu. Na ajabu hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, hata na msomaji wa mwambao ambaye masikio yake yamelelewa na udi, kanuni na mashairi ya vina.

Bendi zilizoubeba muziki huo zinajulikana. Soundgarden iliundwa Seattle mwaka 1984, Alice in Chains ikafuata mwaka 1987, na Pearl Jam ikazaliwa mwaka 1990 baada ya kifo cha Andrew Wood, mwimbaji wa bendi iliyoitangulia, Mother Love Bone. Nirvana haikuanzia Seattle. Ilianzia Aberdeen, mji mdogo wa wakata magogo ulioko karibu na pwani ya jimbo la Washington, ambako kazi za mbao zilikuwa zikipungua na vijana wakirithi majina ya kazi za baba zao pasi na kazi zenyewe. Kurt Cobain alizaliwa huko mwaka 1967. Albamu ya Nirvana iitwayo Nevermind ilitoka Septemba 1991, na ilipofika Januari 1992 ilikuwa imeiondoa albamu ya Michael Jackson kutoka kilele cha mauzo nchini Marekani. Mfalme wa muziki uliong'arishwa alipishwa na kijana aliyevaa shati zito la drafti, vazi la wakata miti wa kwao.

Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania angeyatambua mazingira hayo bila kuhitaji mkalimani. Mufindi, mkoani Iringa, ni nchi ya ukungu, chai na misindano. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill ni mkubwa kuliko yote ya aina yake nchini. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichojengwa ili kula miti hiyo kilianza kazi katika miaka ya 1980, kikasimama katika miaka ya 1990, kisha kikapata mmiliki mwingine katika miaka ya 2000. Mbeya nayo, chini ya mlima Loleza, ilikua kwa dhahabu ya Lupa, kisha kwa barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970. Baridi ya Juni na Julai huwalazimisha wenyeji kuvaa makoti na mashati mazito, na tangu mitumba iliporuhusiwa tena katika miaka ya 1980 nguo hizo zimekuwa zikitoka katika marobota yaliyovuka bahari. Kizazi kilichozaliwa katika miaka ya Azimio la Arusha la 1967 kilikuwa kimeahidiwa viwanda, elimu na heshima ya kazi. Kilipofikia utu uzima kilikuta mashirika yanafungwa, ada zinarudi na ajira hazionekani.

Basi msiba ulifanana na mavazi yalifanana. Kwa nini, hata hivyo, Mbeya na Iringa hazikuzaa muziki wa magitaa yanayokwaruza? Jibu rahisi ni kusema kwamba roki ni muziki wa Wazungu. Jibu hilo halisimami, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma tu, nchini Zambia, vijana wa miji ya shaba na wa Lusaka walikuwa wamekwisha kupiga roki nzito yenye magitaa makali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bendi ya WITCH, iliyoongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda aliyejulikana kama Jagari, na bendi ya Amanaz iliyotoa albamu yake mwaka 1975, ziliimba wakati bei ya shaba ikiporomoka na matumaini ya uhuru yakipauka. Gitaa kali halikuwa geni Afrika. Sababu inayoelekea kuwa ya kweli zaidi ni ya kawaida sana, nayo yahusu umiliki: gitaa lilikuwa mali ya nani?

Kurt Cobain alipotimiza miaka 14, mjomba wake alimpa gitaa la mtumba. Lilikuwa chombo duni, lakini lilikuwa lake; aliweza kulipiga vibaya usiku kucha bila kumwomba mtu ruhusa. Albamu ya kwanza ya Nirvana, Bleach ya mwaka 1989, ilirekodiwa kwa dola 606 na senti kidogo, na ilitolewa na Sub Pop, kampuni ndogo ya Seattle. Mvuto wa granji ulianzia hapo. Msikilizaji alisikia sauti ya mtu asiye na bwana juu yake, asiyesahihishwa na yeyote, asiye hata na fedha za kujipamba. Nyimbo zao mara nyingi zilianza kwa unyonge, karibu na kunong'ona, kisha zikalipuka kwa ghafla. Kijana aliyekuwa amefundishwa kumeza maneno yake alijiona mwenyewe katika mpando huo. Makosa ya kinanda na koo yaliachwa yasikike, nayo yakawa ushahidi wa ukweli.

Iringa ilikuwa na bendi, tena bendi kubwa. Tancut Almasi Orchestra ilikuwa mali ya kampuni ya umma ya kukata almasi iliyokuwa mjini humo, na katika miaka ya 1980 ilivuma nchi nzima. Ndugu wawili pacha wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliipa sauti zilizoshikamana kama nyuzi mbili za kamba moja, na mpiga gitaa John Kitime, ambaye baadaye amekuwa mwandishi wa kumbukumbu za muziki wa dansi, alipitia humo. Lakini utaratibu wa zama zile ulikuwa kwamba vyombo vilikuwa vya shirika. Mwanamuziki alikuwa mtumishi kama mtumishi mwingine; akihama bendi, gitaa lilibaki. Wimbo ulirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, redio iliyokuwa peke yake Tanzania Bara, na maneno yake yalipimwa kabla ya kufika hewani.

Katika hali hiyo lawama zilisafiri ndani ya fumbo. Wimbo maarufu wa Tancut, "Nimemkaribisha Nyoka", unajitambulisha kwa jina lake tu: mwenyeji amemfungulia mlango atakayemuuma. Nyoka ni nani, kila msikilizaji alijaza mwenyewe. Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanaujua ufundi huu, kwa maana ndio uliolea taarabu na majibizano ya malenga. Fumbo humlinda msemaji na humheshimu msikilizaji. Lakini fumbo lina kikomo chake. Mtu mwenye njaa asiyeeleweka kwa mafumbo, mwisho husema kwamba ana njaa.

Mashirika ya umma yalipodhoofika na kubinafsishwa katika miaka ya 1990, bendi nyingi za aina hiyo zilipoteza mlezi. Vijana wa mikoani waliobaki hawakurithi magitaa wala studio. Walirithi kaseti za Marekani, redio mpya za binafsi zilizoanza baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na ulimi. Hapo ndipo muziki wa kufokafoka ulipopata nguvu, kwa sababu haukudai chombo. Saleh Jabir alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1991, kwa kaseti yake ya Kiswahili, kwamba lugha hii inaweza kupanda juu ya mdundo wa kigeni bila kuvunjika mgongo. Miaka michache baadaye alitokea Joseph Mbilinyi, aliyezaliwa mwaka 1972, ambaye jina lake limefungamana na Mbeya. Kwanza alijiita 2-Proud, kisha Mr. II, kisha Sugu. Albamu yake ya "Ni Mimi" ilitoka mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Cobain.

Sugu hakuiga granji wala hakuwa na haja nayo. Lakini mvuto wake ulifanya kazi ileile. Sauti yake haikuwa tamu, na hakujaribu kuifanya tamu. Jina alilolichagua ni la ngozi iliyokomaa kwa kazi, kama vile neno granji lilivyotaja uchafu; majina yote mawili yaligeuza dharau kuwa cheo. Katika "Hali Halisi", wimbo wake wa mwishoni mwa miaka ya 1990, alizungumzia dhiki ya mwananchi na mienendo ya wenye mamlaka bila kumficha mtu nyuma ya nyoka wala ndege. Kilichopasuka katika Seattle kilikuwa gitaa; kilichopasuka Tanzania kilikuwa pazia la fumbo. Mzigo wote ambao Wamarekani wale waliutwika waya na umeme, vijana wa Kitanzania waliutwika Kiswahili.

Kwa sababu hiyo suala hili ni la wapenda ushairi kabla ya kuwa la wapenda dansi. Wapo waliosema, na wapo wanaosema bado, kwamba kufokafoka si ushairi, kwa kuwa mizani yake haihesabiki na lugha yake ni ya vijiweni. Hoja hiyo si mpya. Ilitolewa katika miaka ya 1970 dhidi ya Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Na wanaohofia lugha ya vijiweni wakumbuke kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye leo ni nguzo ya ushairi wa Kiswahili, husifiwa na wataalamu kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini pekee na kuuleta sokoni, penye bei ya vitu, ugomvi wa majirani na siasa za mji. Vina vya mfokaji wa Mbeya, hata vikiwa vya mwisho wa mstari tu, vimetoka katika chimbuko hilohilo la sikio la Mswahili.

Kisha likaja jaribu ambalo huzifuata sauti zote za ukweli, nalo ni mafanikio. Huko Marekani wabunifu wa mavazi walianza kuuza shati la mkata magogo kwa bei ya hariri mwaka 1992. Novemba mwaka huohuo gazeti kubwa la New York lilichapisha orodha ya maneno ya mitaani ya vijana wa granji, na baadaye ikabainika kuwa mfanyakazi mmoja wa kampuni ya muziki aliyatunga maneno hayo papo hapo kwa dhihaka. Pearl Jam walijaribu njia ya kupigana: mwaka 1994 walipeleka malalamiko serikalini dhidi ya kampuni kubwa ya tiketi, wakitaka mashabiki wao wasitozwe ghali, uchunguzi ukafungwa mwaka 1995 bila hatua. Cobain hakuuona mwisho huo. Alijiua Aprili 1994 akiwa na miaka 27. Layne Staley wa Alice in Chains alifariki mwaka 2002 kwa dawa za kulevya, na Chris Cornell wa Soundgarden alijiua mwaka 2017. Vifo hivyo havikuongeza uzuri wa nyimbo zao hata chembe, na anayevitukuza amewakosea marehemu.

Njia ya Mbeya ilikuwa nyingine. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya Chadema, akachaguliwa tena mwaka 2015, na akashindwa mwaka 2020. Februari 2018 mahakama jijini humo ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatoa katika mkutano wa hadhara, yaliyohesabiwa kuwa ya kumfedhehesha Rais John Magufuli. Akatoka gerezani mwezi Mei. Msomaji anaweza kukubaliana na siasa zake au kuzikataa. Linalobaki ni kwamba maneno yaliyoanza juu ya mdundo wa kaseti yalifika bungeni na gerezani, na hayakufika huko kwa nguvu ya chombo chochote isipokuwa ulimi.

Tofauti moja inabaki, nayo ni ya kutia wasiwasi. Nyimbo za Seattle zimehifadhiwa katika maktaba, zimechapwa upya na kuandikiwa vitabu. Kaseti za Nyanda za Juu za miaka ya 1990 ni utepe wa sumaku, na utepe huo hunyauka, hukatika na huota ukungu upesi zaidi mahali penye unyevu. Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yasingefika kwetu kama Mwalimu Sikujua hangeyakusanya kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa na kuyaandika, hata diwani ikachapishwa mwaka 1940, miaka mia baada ya mshairi kuzikwa. Waliozisikia kaseti za Mbeya na Iringa zikitoka mpya wangali hai, na wengi wao wanayakumbuka maneno kwa moyo. Kalamu na karatasi hazijawa ghali kiasi cha kuwashinda wapenda ushairi.