Kidonge cha Kinga: Nani Alipe?

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuusikia msemo kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Msemo huo ni wa kweli, lakini hautuambii nani ailipie kinga yenyewe. Tutazame jinsi Marekani ilivyolijibu swali hilo kuhusu PrEP, yaani vidonge vinavyozuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Ingawa nchi hiyo iko mbali, historia hii imepita katika miji yetu.

Mwaka 2008 ulianza utafiti nchini Kenya na Uganda uliowashirikisha wenzi ambao mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Jozi zaidi ya 4,700 zilijitolea, katika vituo kama Kisumu, Thika, Kampala na Tororo. Kila siku wale wasio na virusi walimeza kidonge, wengine chenye dawa, wengine kisicho na dawa. Kufikia Julai 2011 matokeo yalikuwa dhahiri hata vidonge visivyo na dawa vikasitishwa: mchanganyiko wa dawa mbili ulikuwa umepunguza maambukizi kwa asilimia 75. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo, uitwao Truvada, kwa ajili ya kinga. Utafiti wa wenzi hao ulikuwa miongoni mwa ushahidi mkuu.

Hata hivyo, kuidhinishwa ni jambo moja na kupatikana ni jambo jingine. Bei yake ilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Mlango ulifunguliwa na sheria ya afya iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwaka 2010. Sheria hiyo inazitaka bima nyingi za binafsi zigharimie huduma za kinga zilizopewa daraja A au B na jopo la wataalamu, bila kumtoza mwanachama chochote cha ziada. Juni 2019 jopo hilo liliipa PrEP daraja A. Mwaka 2021 serikali ilifafanua kwamba vipimo na mahudhurio ya kliniki yanayoambatana na dawa hiyo nayo yasitozwe.

Ndipo kesi ikaja. Kampuni ya Braidwood Management ya Texas ilidai kwamba kugharimia PrEP kunapingana na imani ya mmiliki wake, na kwamba wajumbe wa jopo hawakuteuliwa kwa mujibu wa katiba. Mwaka 2022 jaji aliikubalia. Hoja ya uteuzi ilifika Mahakama ya Juu, nayo tarehe 27 Juni 2025, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaamua kwamba jopo ni halali, kwa sababu Waziri wa Afya anaweza kuwaondoa wajumbe na kuyapitia mapendekezo yao.

Bima ikaendelea kulipa. Lakini tafakari, msomaji: sababu iliyoiokoa kanuni hiyo ndiyo pia inayompa waziri mmoja uwezo mkubwa juu yake.

Basi unaposoma habari za bima ya afya katika nchi yako, usiishie kuuliza kama dawa ipo. Uliza nani analipa, nani aliamua hivyo, na nani anaweza kuubadili uamuzi huo. Wenzi wa Kisumu na Tororo walithibitisha kwamba kidonge kinakinga. Kumfikishia mhitaji kidonge hicho ni kazi ya sheria, na kuilinda sheria ni kazi ya raia.