Isiitwe Rangi, Iitwe Niru

Mwenye nyumba pale Kibiti akitaka kibaraza chake cha zege kipendeze na kidumu, huenda akashauriwa apake "rangi ya sakafu", yaani epoksi. Jina hilo silipendi. Linataja kinachoonekana na kuficha kinachofanya kazi. Epoksi ni utomvu na kigumisho. Vikichanganywa huanza kukamatana palepale, vikawa tabaka moja gumu lililoshika zege. Anayesikia "rangi" hukimbilia brashi. Hafikirii kukwangua sakafu, wala kulingoja zege jipya wiki nne hivi likomae. Na huko chini kwenye delta ya Rufiji, ambako maji ya chumvi hayako mbali na uso wa ardhi, unyevu hupanda ndani ya zege na kuibambua rangi hiyo kutoka chini.

Lugha yetu haikukosa maneno ya kazi hii. Tazama "sakafu" lenyewe. Kwa Kiarabu, saqf ni paa. Katika nyumba za mawe za pwani, boriti za mikoko, zilizokatwa kwa wingi katika delta hiihii, zilipangwa juu ya kuta, zikamwagiwa mawe madogo na chokaa, vikatwangwa kwa mbao mpaka vikashikana. Dari ya chumba cha chini ikawa pa kukanyaga kwa wa juu. Naamini ndivyo neno lilivyoshuka kutoka kichwani hadi miguuni: maana iliwafuata wajenzi.

Kisha kuna "niru". Ukutani ni chokaa laini ya kumalizia. Sakafuni, kwa fundi wa leo, ni saruji laini inayosuguliwa kwa mwiko wakati sakafu ingali mbichi, pengine ikitiwa rangi nyekundu. Hapo rangi imo ndani ya niru, haiwi niru yenyewe. Kazi ya niru ni kushikana na sakafu na kuwa uso wake. Epoksi nayo kazi yake ni hiyohiyo.

Fundi atapinga: niru hutaka ubichi, epoksi hutaka ukavu. Ana haki, na ndiyo maana neno lipewe sifa: niru ya saruji, niru ya epoksi. Kwa kibaraza kinachopigwa na jua iongezwe niru ya juu ya poliurethani, maana epoksi juani hugeuka manjano.

BAKITA, baraza letu la Kiswahili tangu 1967, linaweza kuyasanifu majina haya, lakini lianze kwa wenye mwiko mkononi. Istilahi nzuri humfundisha hata asiye fundi. Mteja akiambiwa "tutapaka rangi", atauliza rangi gani. Akiambiwa "tutapiga niru ya epoksi", atajua kuuliza kwanza: sakafu imeshakauka?